Fanicha za Shaker: jinsi ya kutofautisha kitu cha asili na cha kuiga (uzi mrefu, karibuni)

Fundi Randa:

Wakuu, heshima mbele.

Karibu kila wiki napokea picha ya kiti, kimeza au kisanduku, na swali ni lile lile: "Fundi, hii ni Shaker kweli?" Na karibu kila picha imepigwa kwa mbele, kitu kimefutwa vumbi, kimewekwa dirishani kipate mwanga. Kwa mbele sina la kukujibu. Mbele ndiko aliyeiga alikomalizia juhudi zake zote. Nimeona nieleze hapa kwa kirefu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku, na wenye uzoefu kunizidi wanisahihishe.

Ufundi nilianzia Keko, Dar es Salaam, kwa mjomba wangu. Miaka miwili ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kunoa patasi za wenzangu. Sasa niko jimbo la Maine, Marekani, mwaka wa kumi na moja, nakarabati fanicha za kale.

Shaker ni akina nani? Ni Wakristo ambao chimbuko lao ni Manchester, Uingereza. Mwaka 1774 mama mmoja aitwaye Ann Lee alivuka bahari na wafuasi wanane, wakafika New York, baadaye wakapata ardhi Niskayuna karibu na Albany. Waliitwa hivyo kwa sababu walitetemeka na kucheza katika ibada. Hawakuoa wala kuolewa, mali ilikuwa ya wote, na uongozi ulikuwa wa wanaume na wanawake kwa pamoja. Walipostawi, katikati ya karne ya 19, walikuwa maelfu kadhaa katika vijiji kuanzia Maine mpaka Kentucky na Ohio. Leo kijiji chenye waumini kimebaki kimoja tu, Sabbathday Lake, kilichoko New Gloucester humu humu Maine, na waliobaki unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Watu wasiozaa huendelea kwa kupokea wageni na kulea yatima. Wageni walipopungua, vijiji vikaanza kufungwa. Mount Lebanon, kilichokuwa makao makuu, kilifungwa 1947. Hancock kikafuata 1960. Kule Canterbury, New Hampshire, dada wa mwisho alifariki 1992. Kila kijiji kilipofungwa, makabati, meza na viti vilitoka nje vikauzwa, mara nyingi kwa bei ya kutupa.

Kisha bei ikageuka. Mwaka 1935 jumba la makumbusho la Whitney mjini New York lilifanya maonyesho ya kazi zao, kwa msaada wa mume na mke, Edward Deming Andrews na Faith Andrews, waliokuwa wakikusanya vitu hivi tangu miaka ya 1920. Kufikia 1990 Oprah Winfrey alilipa dola 220,000 kwa meza moja ya kazi ya Shaker, ya msonobari. Meza ya msonobari, wakuu, mti ambao kwetu tunaezekea. Bei ikifika huko, usishangae watu kuingia karakanani kutengeneza "vitu vya kale".

Naendelea chini.

Kisiki:

Naweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka: hawa jamaa hawakuwa na nembo? Kuna kiti nimekiona kinauzwa mtandaoni, kina nembo ya rangi ya dhahabu yenye maandishi ya Mount Lebanon. Si hapo kazi imekwisha?

Fundi Randa:

Mkuu Kisiki, umegusa penyewe, na hapo ndipo wengi wanapotea.

Shaker walikuwa na fanicha za aina mbili. Ya kwanza ni zile walizojitengenezea wenyewe: makabati marefu ya droo yaliyojengewa ukutani, meza za kulia za watu kumi na zaidi, vitanda, meza za kushonea. Hizo hazina nembo. Mafundi wao walifundishwa kutojivunia kazi ya mikono yao, kwa hiyo jina la fundi ukilikuta ni la penseli, limeandikwa chini ya droo au nyuma ya ubao, mahali ambapo hakuna angeliona. Na hizi ndizo zenye thamani kubwa.

Ya pili ni viti vya kuuza. Mount Lebanon walikuwa na biashara ya viti, na aliyeikuza ni Robert Wagan, kuanzia miaka ya 1860. Mwaka 1872 walijenga kiwanda kipya. Walitoa katalogi, wakapanga viti kwa namba, 0 kikiwa cha mtoto mdogo na 7 kikiwa kikubwa kuliko vyote, na mwaka 1876 wakavipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Vilipendwa mno, na viwanda vingine vikaanza kutengeneza viti vya namna ile ile na kuviita vya Shaker. Ndipo Wagan akaweka nembo ile ya dhahabu, ya kubandika, na katalogi ikawaonya wanunuzi wajihadhari na vya kuiga.

Kwa hiyo kuigwa si jambo la leo. Mzee huyu alipambana nalo miaka 150 iliyopita, na kiti cha kuiga cha mwaka 1880 leo nacho ni cha kale! Kina vumbi halisi, uchakavu halisi, misumari ya wakati ule. Ni cha kale lakini si cha Shaker. Muuzaji akikwambia "angalia umri wake", anasema kweli, ila hajajibu ulichouliza.

Sasa nembo yenyewe. Ni karatasi nyembamba ya kuhamishia rangi. Viti vingi vya asili imeshafutika kwa kupanguswa. Wapo pia wanaobandika mpya. Kwa hiyo ikiwepo, itazame kama dai linalohitaji ushahidi, na isipokuwepo usikitupe kiti. Kinachosaidia zaidi ni namba ya saizi, ambayo ilipigwa ikazama kwenye mti wenyewe, upande wa nyuma wa papi (ubao mwembamba wa kulala) ya juu kabisa ya mgongo. Pitisha kidole, utaisikia hata chini ya vanishi. Namba nayo inaweza kupigwa upya, lakini tazama ndani ya alama: kama mti ndani ni mweupe na pembeni ni wa hudhurungi, imepigwa juzi.

Mchanga wa Pwani:

Shukrani kwa uzi huu, fundi. Kwetu Lamu kiti cha enzi unakijua kwa ile kazi ya kupachika mifupa na kwa namna walivyosuka kamba. Sasa kitu kisicho na nakshi hata moja, mtu anakitambua vipi?

Fundi Randa:

Ndugu yangu, hilo ndilo lililonikosesha usingizi mwaka wa kwanza. Kanuni zao za mwaka 1845 zilikataza hata kingo za urembo kwenye kabati, zile zisizo na kazi. Sasa utashika wapi?

Nilichojifunza ni hiki: ukikosa nakshi, uliza mti. Mti unaendelea kufanya mambo yake miaka mia baada ya fundi kuondoka, na hayo ni magumu kuyaiga.

Mnajua mbao hunywea. Lakini hainywei sawa pande zote: kwa urefu wa nyuzi haipungui kitu cha kuonekana, kwa upana inapungua. Chukua kimeza cha duara cha kuwekea mshumaa, chenye mguu mmoja na makucha matatu. Fundi alikata duara kamili. Miaka 180 baadaye duara lile si duara tena. Pima kwa kufuata nyuzi, kisha pima kwa kukata nyuzi. Kwenye meza ya inchi 18, tofauti ya robo inchi si ajabu. Ukikuta duara kamili pande zote, anza kuwa na wasiwasi. Kanuni ni hiyo hiyo kwa miguu ya viti iliyokerezwa. Mafundi wa zamani wengi walikereza miguu mti ukiwa bado na unyevu, na fito za kuunganisha wakaziacha zikauke kabisa. Mguu ukinywea unaibana fito, na kiti kinakaza chenyewe. Mguu huo ukiupima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, utakuta umekuwa wa yai kidogo. Fimbo zinazouzwa dukani, zilizokaushwa kwenye tanuri kabla ya kukerezwa, hubaki duara.

(Tahadhari: wapo mafundi wa leo wanaokereza mti mbichi kwa makusudi, na viti vyao navyo vitakuwa vya yai. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake. Atakayekwambia kipo anakuuzia kitu.)

Toa droo, igeuze. Chini yake fundi wa zamani hakuwa na sababu ya kulainisha. Alipitisha randa ya mkono akaacha. Weka tochi ubavuni, mwanga ulale juu ya ubao: utaona mabonde mapana, hayalingani, kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Mashine ya kuranda huacha mistari midogo inayolingana kama meno ya kitana. Tazama pia rangi. Ubao wa ndani usioguswa na vanishi hubadilika polepole kwa hewa, na kule ambako droo inasuguana na kabati utaona njia iliyolika. Mbao za pembeni za droo zimelika kwa chini, na kwenye mwili wa kabati pana njia inayolingana na ulikaji ule? Kama droo imelika na kabati halijalika, droo imetoka kwingine.

Kona za droo zimeungwa kwa meno mfano wa mkia wa njiwa. Yaliyokatwa kwa mkono yanatofautiana kidogo, na kuna mstari mwembamba uliochorwa kwa ncha ya chuma kumwonyesha fundi pa kukomea. Mstari huo hawakuufuta. Meno yanayolingana kama yamepigwa chapa ni ya mashine.

Misumari: ya kufuliwa na mhunzi ni ya zamani zaidi, ya kukatwa kwenye bapa la chuma, yenye kichwa cha mraba, ilitawala karibu karne yote ya 19, na hii ya waya tunayoijua ilienea kuanzia miaka ya 1890. Skrubu za kabla ya mwisho wa miaka ya 1840 zilikuwa butu mbele, hazina ncha kali, na mfereji wa kichwani mara nyingi uko upande. Ila msumari mpya kwenye kabati la zamani unaweza kuwa wa matengenezo. Cha kutazama ni kama kuna tundu la msumari wa zamani karibu yake, na doa jeusi la kutu kwenye mti. Msumari wa zamani usio na doa kwenye mti unaouzunguka umepigiliwa majuzi, hata kama msumari wenyewe una miaka mia mbili.

Kisiki:

Mkuu, kuna mtu aliwahi kuniambia nikiona alama za msumeno wa mduara, za kupinda, basi ni feki moja kwa moja. Kweli?

Fundi Randa:

Kwa fanicha nyingi za zamani hiyo ni dalili nzuri, kwa Shaker itakupoteza. Watu wanawadhania kama watu waliokataa mashine. Sivyo kabisa. Walipenda mashine. Walikuwa na maji ya kuendesha misumeno na mitambo ya kukereza, na waliona kifaa kinachookoa muda ni baraka. Kuna hata masimulizi kwamba dada mmoja wa kijiji chao cha Harvard, Massachusetts, Tabitha Babbitt, ndiye aliyebuni msumeno wa mduara mwaka 1813. Msumeno wa namna hiyo ulikuwa umeshapewa hataza Uingereza tangu 1777, kwa hiyo mimi nayachukua kama masimulizi tu. Lakini kwamba Shaker waliutumia mapema, hilo halina shaka. Alama za kupinda nyuma ya kabati la Shaker la 1840 hazinishtui.

Hapo hapo niseme jambo linalonikera. Wauzaji wengi hutaka kila kitu kiwe "hakijaguswa". Shaker wenyewe walivigusa! Walikata kabati refu wakapata mawili, waliongeza droo, walihamisha vitu kutoka kijiji kilichofungwa kwenda kilichobaki, walipaka rangi upya. Badiliko lililofanywa na wao wenyewe mwaka 1870 ni sehemu ya historia ya kitu. Badiliko lililofanywa 1985 ili kuongeza bei ni wizi. Kazi yetu ni kujua lipi ni lipi, na ndiyo maana nashika tochi saa nzima kabla ya kufungua mdomo.

Mama Wawili (Lowell):

Habari za hapa. Mimi ni Mkenya, niko Lowell, Massachusetts, kazi yangu ni kutunza wazee nyumbani. Mama mmoja mzee niliyemtunza miaka minne alifariki mwezi wa pili, na watoto wake wakanipatia kiti chake cha bembea, kile alikuwa anapenda kukalia akishona. Ni kidogo, hakina mikono, mgongo una papi tatu. Sehemu ya kukalia imesukwa kwa tepe za rangi mbili, manjano na kahawia. Nilipeleka picha kwa duka moja la vitu vya kale, wakaniambia ni kile cha kuunganisha mwenyewe kinachouzwa kwenye boksi, wakanipatia ofa ya dola arobaini. Sitaki kuuza, lakini nataka kujua ukweli. Fundi, nikiangalia wapi?

Fundi Randa:

Dada, pole sana kwa msiba. Usikiuze kwanza, na tafadhali usikipige msasa wala usikipake kitu chochote.

Walichokuambia kinawezekana. Tangu miaka ya 1970 kuna kampuni za hapa Marekani zinazouza viti vya mtindo wa Shaker, tayari au vipande vya kuunganisha nyumbani. Kazi yao ni ya heshima na wanasema wazi kuwa ni vipya. Shida ni kwamba kiti cha 1975 leo kina miaka hamsini ya watoto, chai na jua la dirishani. Kikisafiri minada mitatu, lebo inapotea, na kinakuwa "cha kale". Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa.

Fanya hivi:

Kwanza, tazama nyuma ya papi ya juu. Kuna namba?

Pili, ncha za juu za miguu ya nyuma zina umbo gani? Viti vya kuuza vya Mount Lebanon zina kama tunda la mwaloni: kikombe chini, kichwa cha mviringo kinachochongoka kidogo juu. Vijiji vingine vilikuwa na maumbo yao. Enfield ya New Hampshire, kwa mfano, ni refu zaidi, kama mwali wa mshumaa.

Tatu, pima unene wa mguu wa nyuma kwa kalipa, mahali pamoja, kisha zungusha robo ya mduara upime tena. Kalipa ya plastiki ya bei rahisi inatosha.

Nne, tochi upande wa ndani wa zile mbao mbili za chini za kubembea. Hapo ndipo nembo ilipokuwa ikibandikwa mara nyingi. Hata ikiwa imefutika, wakati mwingine kivuli chake hubaki.

Tano, chunguza fito ya mbele, ile ya chini. Watu huweka visigino hapo. Ikiwa imelika kwa juu tu, sawa. Ikiwa imelika pande zote kwa usawa, mtu amepitisha msasa.

Tepe zisikutie hofu. Sehemu ya kukalia hubadilishwa kama tairi za gari. Za mwanzo zilikuwa za sufu, zilizofumwa na akina dada kijijini, baadaye wakahamia kwenye pamba. Za kwako huenda ni mpya, hilo halikifanyi kiti kuwa feki.

Tofali:

Samahani kutoka kidogo nje ya mada. Hapa Dar na Nairobi mafundi wa makabati ya jikoni wanaita milango fulani "shaker". Ni hawa hawa?

Fundi Randa:

Jina limetoka kwao, mkuu Tofali. Mlango wa Shaker ni fremu ya mbao nne na ubao mwembamba bapa katikati. Ubao wa katikati haugandishwi. Umekaa kwenye mfereji, huru, ili unywee na kuvimba bila kupasua fremu. Ile ya jikoni mara nyingi ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) moja iliyochimbwa na mashine ifanane na fremu. Inafaa kwa kazi yake, na haijadanganya mtu. Lakini hapo unapata kipimo kingine cha bure: kwenye kabati la zamani, ubao wa katikati umenywea ukaacha ukanda mwembamba pembeni usio na rangi, ambao zamani ulijificha ndani ya mfereji. Ukanda huo ukiuona, furahi.

Mchanga wa Pwani:

Na vile visanduku vya mviringo wa yai vyenye "vidole" pembeni? Binti yangu yuko chuo huko Boston, ameniletea kimoja, anasema alinunua soko la mitumba.

Fundi Randa:

Visanduku ndivyo vinavyoigwa kuliko vyote, kwa sababu mtu mwenye uzoefu hutengeneza kadhaa kwa siku. Na vinaigwa kwa nia njema pia, wapo mamia ya watu wanaovitengeneza kama burudani.

Utepe wa pembeni ni mti wa mepo, mgumu, uliochongwa mwembamba, ukalainishwa kwa maji moto au mvuke na kuzungushwa kwenye kalibu. Kifuniko na kitako ni msonobari. Vidole vile si urembo: utepe ukinywea, mwisho ulionyooka ungepasuka au kujikunja, vidole vinaacha mti ucheze. Vimefungwa kwa vimisumari vya shaba nyekundu, kwa sababu chuma kingeota kutu na kuchafua mepo.

Pitisha ukucha kwenye kingo za vidole. Fundi wa zamani alizichonga kwa kisu zikalala kwa mteremko, ukucha unapanda bila kukwama. Vingi vya leo vina kingo za wima, kali. Pili, kitako na kifuniko vya msonobari vikinywea kwa upana, utepe wa mepo haupungui pamoja navyo, kwa hiyo kwenye kisanduku cha zamani utaona uwazi mwembamba pande mbili zinazotazamana, si mzunguko mzima. Kisha nusa ndani. Sisemi mchezo. Kisanduku kilichowekwa mbegu au dawa za mitishamba miaka mingi kina harufu iliyoingia, na harufu ya vanishi ya kisasa huitambui kwa jicho lakini pua haikosei.

Lakini vile vya karne ya 20 navyo vipo vya asili. Ndugu Delmer Wilson wa Sabbathday Lake, aliyefariki 1961, kuna picha yake amesimama na vikapu vya mviringo vyenye mishikio vya msimu mmoja tu, zaidi ya elfu moja. Ni Shaker halisi, lakini si vya 1830, na bei yake haipaswi kuwa ya 1830.

Kisiki:

Fundi, na wewe umewahi kupigwa?

Fundi Randa:

Nimepigwa, na nitasema. Mwaka wangu wa tatu huku nilinunua meza ya kushonea, ya mcheri na msonobari, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Akiba ya miezi saba. Nilitazama meno ya droo: ya mkono. Misumari: ya kukatwa. Chini ya droo: mabonde ya randa. Nikaridhika, nikalipa.

Nyumbani nilikaa nayo wiki nzima kabla sijaona. Ubao wa juu ulikuwa na matundu mawili madogo yaliyozibwa kwa nta, hayahusiani na chochote kwenye meza ile. Nikageuza ubao wa nyuma, nikakuta kivuli cha bawaba mahali ambapo hapajawahi kuwa na mlango. Mbao zote zilikuwa za kale kweli. Zilitoka kwenye mlango au kabati lililobomolewa, fundi mzuri akazikata kwa msumeno wa mkono, akatumia misumari ya zamani. Nilikagua umri wa mbao, sikukagua umri wa *maungio*. Tangu siku hiyo kila alama naiuliza: wewe unafanya nini hapa? Tundu, doa, kivuli, mkwaruzo, vyote lazima viwe na sababu ndani ya kitu hicho hicho.

Na hata wataalamu wakubwa wamepigwa. Kisa maarufu si cha Shaker ila kinatufundisha. Mchongaji wa Rhode Island, Armand LaMontagne, alitengeneza mwaka 1969 kiti cha mtindo wa karne ya 17, akakizeesha, akakiacha kiingie sokoni ili aone kama wajuzi watakigundua. Jumba la makumbusho la Henry Ford lilikinunua kwa dola 9,000. Ukweli ulitoka 1977. Walipokipiga eksirei walikuta matundu ya fito yamechimbwa kwa keekee ya kisasa, ambayo sehemu yake ya chini huacha umbo tofauti na keekee ya kijiko ya zamani. Kila kitu cha nje alikimudu, na alama ya keekee ikabaki ndani ya tundu.

Mama Wawili (Lowell):

Fundi, nimerudi. Nimefanya yote, mume wangu alishika tochi.

Namba iko. Ni 3, nyuma ya papi ya juu, imezama, na ndani ya alama ni rangi ile ile nyeusi nyeusi ya mti wote. Ncha za miguu ni kama ulivyosema, kikombe na kichwa. Mguu wa nyuma wa kushoto: milimita 33.0, nikizungusha 32.1. Wa kulia: 32.9 na 32.2. Fito ya mbele imelika juu, kushoto zaidi kuliko kulia. Mama alikuwa na mguu wa kulia mgonjwa, labda ni yeye! Nembo hakuna, lakini ndani ya ubao wa kubembea wa kulia kuna mahali pamekaa kama kipande kidogo kimepauka, kina kingo zilizonyooka.

Fundi Randa:

Dada Mama Wawili, nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Namba 3 bila mikono, papi tatu, ni saizi iliyouzwa sana. Miguu imekuwa ya yai, yote miwili kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo mti ulinywea wenyewe. Kiti cha boksi hakifanyi hivyo. Namba ni ya zamani kwa jinsi ulivyoeleza ndani yake. Na kile kipande kilichopauka kipo pale pale nembo ilipokaa. Kwa picha na maneno sitatia sahihi, lakini kwa haya yote kwa pamoja naamini una kiti cha Mount Lebanon kutoka kiwanda kile cha viti, kati ya miaka ya 1870 na mwanzoni mwa karne ya 20, kilichosukwa upya tepe.

Si cha dola 220,000. Vya namna hii huenda kwa mamia ya dola, kutegemea hali. Si arobaini.

Hancock, ambako kijiji chao ni makumbusho tangu 1961, ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka Lowell. Nenda na picha zako na vipimo, uvilinganishe na vyao kwa macho yako.

Mama Wawili (Lowell):

Asante sana, fundi. Nimelia kidogo, si kwa pesa. Watoto wake wataambiwa, huenda hawakujua wenyewe walichonipatia. Lakini kuna jambo: fito moja ya nyuma imelegea, inazunguka. Mume wangu anataka kupiga msumari mdogo.

Fundi Randa:

Mwambie shemeji aweke nyundo chini! Msumari utapasua mguu, na kutu itafuata. Gundi nyeupe ya dukani pia hapana. Itaganda kwenye tundu, na fundi wa baadaye hataweza kuifungua bila kuharibu. Inatakiwa gundi ya ngozi, ile ya kuyeyusha kwa moto, kidogo tu, baada ya kusafisha tundu kwa mswaki mkavu. Kabla ya gundi, acha kiti kikae chumba kisicho karibu na hita wiki mbili. Msimu huu hewa ya ndani ni kavu, fito imenywea, na huenda ikajikaza yenyewe.

Isipokaza, niandikie faraghani. Mwisho wa mwezi nina kazi upande wa Nashua, kutoka hapo mpaka kwako si mbali. Nitakuja na chungu changu cha gundi.